KUNGOJA OMENA: SUBIRA YA MIEZI MINNE KATIKA KIBERA NA KAWANGWARE

Kila mwaka, mvua za masika zinapoanza kunyesha, wauzaji wa samaki wakavu katika Kibera na Kawangware, mjini Nairobi, huanza kuhesabu miezi. Hawahesabu kwa ajili ya mahindi wala maharagwe, kwa maana mazao hayo yana wakulima wake. Wao huhesabu miezi ya omena. Kwa kawaida tarehe 1 Aprili uvuvi wa omena katika sehemu ya Kenya ya Ziwa Victoria hufungwa kwa amri ya sheria, wala haufunguliwi mpaka tarehe 31 Julai ipite. Katika miezi hiyo minne magunia huwa haba, kipimo hupungua, na akina mama waliozoea kupika omena mara nyingi katika juma hulazimika kutafuta kitoweo kingine. Basi mwezi wa Agosti unapokaribia, habari inayoulizwa katika soko la Toi na kando ya Barabara ya Naivasha ni moja tu: Je, wamekwisha kuingia?

Jambo hili huenda likaonekana dogo kwa mtu ambaye nyama haikosekani mezani pake. Lakini kwa mtu wa kibarua, mwenye watoto wanne na chumba kimoja cha kupanga, omena ni nyama, ni maziwa na ni dawa kwa pamoja. Samaki huyu huliwa mzima, kichwa, mifupa na yote, na kwa sababu hiyo humpa mlaji madini ya kujenga mifupa na ya kuongeza damu, ambayo mtu hawezi kuyapata katika mnofu mtupu. Tena huuzwa kwa kipimo kidogo, hata mwenye shilingi chache huweza kupata cha kupikia. Bei ya omena inapopanda, sufuria nyingi za Kibera hubaki na sukuma wiki peke yake.

Kwa hiyo yafaa kila mlaji aelewe kwa nini anangojeshwa, anangoja nini hasa, na kungoja huko kuna faida gani. Wako wanaodhani kwamba kufungwa kwa ziwa ni adhabu waliyopewa maskini. Habari za ziwa lenyewe, za siku hizi na za zamani, zaonyesha vingine.

SAMAKI MDOGO MWENYE MAJINA MENGI

Waluo humwita omena, na jina hilo ndilo lililoenea katika Kenya nzima. Waganda humwita mukene. Katika Tanzania huitwa dagaa, ingawa yafaa kukumbuka ya kuwa dagaa wa Ziwa Tanganyika na dagaa wa bahari ya Pwani ni samaki wa jamii nyingine kabisa. Wataalamu humwita Rastrineobola argentea, na neno hilo la pili latokana na Kilatini, maana yake ni mwenye rangi ya fedha. Ni samaki mwembamba, na aliyekomaa sana huwa na urefu wa sentimita 9 hivi, lakini wengi wanaonaswa huwa nusu tu ya urefu huo.

Maisha yake ni mafupi, na uzazi wake ni wa haraka. Kabla hajamaliza mwaka mmoja huwa amekwisha kutaga mayai. Mchana hukaa chini katika maji yenye kina, na usiku hupanda juu kula vidudu vidogo sana vieleavyo majini. Wakati wa kutaga, wengi wao husogea kwenye maji machache karibu na ufuo, na watoto wao hukulia huko kabla ya kwenda katikati ya ziwa.

Huo uzazi wa haraka ndio uliomwokoa. Sangara, ambaye Waluo humwita mbuta, alitiwa katika Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960. Ilipofika miaka ya 1980 alikuwa ameenea kila upande, akawala fulu, wale samaki wadogo waliokuwa wa aina mamia, hata aina nyingi zikatoweka. Omena hakutoweka. Leo yeye, pamoja na sangara na sato, ndio samaki watatu wanaoshika biashara yote ya ziwa hilo, na kwa uzito omena ndiye anayevuliwa kwa wingi zaidi.

KALENDA MBILI

Mtu anayetaka kujua omena watafika lini Nairobi hana budi kutazama kalenda mbili. Ya kwanza ni kalenda ya sheria, iliyokwisha kutajwa. Ya pili ni kalenda ya mwezi wa mbinguni, na hiyo haikuandikwa na serikali yoyote.

Omena huvuliwa usiku kwa kutumia taa. Wavuvi huondoka ufuoni jua linapotua, watu watatu au wanne katika mtumbwi mmoja, wakiwa na taa zinazoelea juu ya maji. Zamani taa hizo zilikuwa karabai za mafuta ya taa, na siku hizi nyingi ni taa za umeme wa betri au za nguvu ya jua. Taa huachwa zielee mahali pamoja kwa muda. Vidudu vya majini hukusanyika kwenye nuru, omena nao huvifuata, na wavuvi hutandaza wavu wenye matundu madogo na kuzungusha kundi lote. Mtu anayesimama ufuoni usiku huo huona taa nyingi zimetapakaa mpaka mbali, utadhani mji umejengwa juu ya maji.

Lakini taa ya mvuvi haiwezi kushindana na mwezi mpevu. Usiku wenye mbalamwezi omena hutawanyika, na mvuvi hurudi na kidogo au asirudi na kitu. Kwa hiyo katika siku za mwezi mpevu wengi hupumzika, hutengeneza nyavu na kungoja giza lirudi. Mzunguko wa mwezi ni siku ishirini na tisa na nusu hivi, na kila mzunguko huleta majuma ya neema na siku kadhaa za upungufu. Ndiyo maana hata katika miezi ambayo sheria inaruhusu uvuvi, bei katika Kawangware hupanda na kushuka bila mnunuzi kujua sababu. Sababu iko juu angani.

Tazama mfano. Mwaka 2022 mwezi mwandamo ulikuwa mwishoni mwa Julai, hata ziwa lilipofunguliwa tarehe 1 Agosti usiku ulikuwa wa giza, unaofaa kabisa kwa taa. Mwaka uliofuata, 2023, mambo yalikuwa kinyume, maana tarehe 1 Agosti yenyewe ilikuwa usiku wa mwezi mpevu. Sheria ilisema ndiyo, lakini mbalamwezi ilisema bado. Muuzaji mwenye busara hutazama tarehe ya mwezi kabla ya kukopa fedha za mtaji, asije akaenda sokoni Gikomba na kukuta watu wengi kuliko magunia.

SABABU ZA KUFUNGA

Sababu ya kwanza ya kufunga ni kumpa samaki nafasi ya kuzaa na watoto wake nafasi ya kukua. Mkulima yeyote ataelewa jambo hili bila kufundishwa. Mtu akila mbegu katika mwezi wa njaa, atakuwa na njaa kubwa zaidi mwaka ujao. Omena aliye karibu kutaga, akivuliwa ufuoni, si kitoweo kimoja kilichopotea, bali ni maelfu ya mayai.

Sababu ya pili haisemwi sana, lakini wauzaji huijua vizuri. Omena hukaushwa kwa jua. Asubuhi wanawake wa ufuoni huwanunua wangali wabichi, wakawatandaza juu ya nyavu kuukuu, juu ya nyasi, juu ya chanja au, kwa bahati mbaya, juu ya mchanga mtupu. Jua likiwa kali, siku moja au mbili zatosha. Lakini Aprili na Mei ni miezi ya mvua. Omena aliyenyeshewa huoza, hubadilika rangi na kunuka, na mara nyingi hupelekwa kuwa chakula cha wanyama kwa bei ya hasara. Kumvua samaki ili aoze si kazi ya mtu mwenye akili.

Pamoja na miezi ya kufunga iko sheria ya matundu ya nyavu. Wavu wa omena katika Kenya haupaswi kuwa na matundu yaliyo madogo kuliko milimita 10. Wako wanaotumia nyavu ndogo kuliko hizo, hata vyandarua vya kuzuia mbu. Wavu wa namna hiyo huwanasa omena wachanga ambao hawajataga hata mara moja, pamoja na watoto wa sangara na wa sato. Mvuvi hujaza mtumbwi leo, na kesho huwalaumu jirani zake kwamba ziwa limekauka. Katika fuo nyingi ziko kamati za wavuvi na wachuuzi, zinazojulikana kwa herufi BMU, ambazo zilipewa nguvu kwa kanuni za mwaka 2007, nazo hutakiwa kushirikiana na maafisa wa samaki katika kulinda ufuo wao.

Haki yataka isemwe pia kwamba sheria hii ina uzito wake kwa watu wa ziwa. Mvuvi asiye na shamba hukaa miezi minne bila pato la kawaida. Wengine huvua kwa siri usiku, na nyavu zao hukamatwa. Tena Kenya inayo sehemu ndogo tu ya Ziwa Victoria, kama asilimia 6, na sehemu iliyobaki ni ya Tanzania na Uganda. Samaki hawajui mipaka. Kwa sababu hiyo nchi hizo tatu zilitia sahihi mwaka 1994 mkataba wa kuunda Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lenye makao yake Jinja, Uganda, ili zipatane katika mambo ya uvuvi. Hata hivyo, mnunuzi wa Kibera anapoona omena sokoni mwezi wa Juni, asidhani mara moja kwamba wameibwa. Wengi huletwa kutoka Uganda na Tanzania, nao huwa na bei ya juu kwa ajili ya safari na uhaba.

HABARI YA NINGU

Vijana wengi wa Nairobi hawajapata kusikia jina la ningu. Babu zao waliotoka Nyanza walilijua vizuri, na habari ya samaki huyo ndiyo sababu kubwa ya kuheshimu subira ya omena.

Ningu ni samaki wa Ziwa Victoria ambaye wataalamu humwita Labeo victorianus. Desturi yake ilikuwa ya ajabu. Mvua kubwa ziliponyesha na mito ikafurika, ningu walitoka ziwani kwa makundi makubwa, wakapanda mito ya Nzoia, Yala, Nyando, Sondu-Miriu, Kuja na mingineyo, wakaenda kutaga katika nyasi zilizofunikwa na maji ya mafuriko. Watu wa kando ya mito waliijua saa yao. Walitazama mawingu ya milimani na rangi ya maji, wakatengeneza migono yao mapema, na kujenga mtoni nyuzio ambazo Waluo waliziita kek. Ningu walipofika palikuwa na chakula cha kutosha kila boma, na wengine walikaushwa kwa akiba. Uzio wa kek na mgono haukuweza kumzuia kila samaki, hasa mto ulipofurika. Wengi walipita, wakataga, na watoto wao wakarudi ziwani.

Mwaka 1905 nyavu za kutega zililetwa katika ziwa, na baada ya hapo zikaenea kwa upesi. Zilikuwa bora kuliko vyombo vya zamani, na watu walizipenda kwa haki. Lakini wepesi wake ulileta hatari. Serikali ilimtuma mtaalamu wa samaki, Bwana Michael Graham, apime hali ya ziwa katika mwaka 1927 na 1928, naye akashauri kwamba nyavu za kuvulia ngege zisiwe na matundu yaliyo madogo kuliko inchi 5. Baadaye nyavu za matundu madogo zaidi zilitegwa kwenye midomo ya mito, mahali pale pale ambapo ningu hukusanyika kabla ya kupanda, majike wakiwa wamejaa mayai. Kila aliyenaswa hapo alinaswa kabla ya kuzaa.

Matokeo yalionekana kabla ya kizazi kimoja kupita. Mwaka 1965 mtaalamu D. A. Cadwalladr aliandika juu ya kupungua kwa ningu katika Mto Nzoia, na jinsi hata ufundi wa zamani wa kuvua mtoni ulivyokuwa unafifia pamoja na samaki wenyewe. Mtu hajengi uzio mahali ambapo samaki hawapiti. Ningu hajatoweka kabisa, lakini yale makundi yaliyongojewa kila masika, yaliyoshibisha vijiji vizima, hayaonekani tena kama zamani. Sheria zilikuja baada ya hasara kupatikana.

Omena ana bahati kuliko ningu kwa sababu huzaa upesi na haendi kutaga mbali mtoni. Lakini hata bahati ina mwisho wake. Ningu alimalizwa na watu ambao hawakuwa wabaya, bali kila mmoja alifikiri kwamba wavu wake mmoja hauwezi kudhuru ziwa kubwa namna ile.

KUTOKA UFUONI HADI KAWANGWARE

Omena wakisha kukauka hutiwa katika magunia na kupakiwa katika malori kutoka Homa Bay, Mbita, Muhuru, Usenge na fuo nyingine, wakasafirishwa usiku kucha hadi Nairobi. Wengi huteremshwa Gikomba, soko kubwa la mashariki ya mji, na wachuuzi wa mitaa hufika huko alfajiri. Mchuuzi wa Kibera huchukua gunia moja au nusu yake, akalipandisha matatu na kulipeleka Makina, Laini Saba, Gatwekera au Lindi. Mchuuzi wa Kawangware huvuka mji mzima hadi upande wa magharibi, akauza karibu na kituo cha 46, au huko Gatina na Congo. Gunia hugawanywa kwa gorogoro, na gorogoro hugawanywa kwa vikombe. Jioni wengine huwakaanga kwa mafuta kando ya njia na kuwauzia vibarua wanaorudi kutoka kazini.

Faida ya kila kikombe ni ndogo sana. Mama muuza omena huishi kwa wingi wa wanunuzi, si kwa ukubwa wa bei. Miezi ya kufungwa inapofika, mtaji wake huwa katika hatari. Akila mtaji kwa kodi ya nyumba na karo ya shule, Agosti humkuta mikono mitupu, na yule aliyeweka akiba ndiye atakayenunua gunia la kwanza. Kwa hiyo wachuuzi wengi huingia katika chama cha kuweka fedha, wakachanga kidogo kila juma wakati wa neema, na katika miezi ya uhaba wakauza mboga, maharagwe au nguo za mitumba. Haba na haba hujaza kibaba, na hasa kibaba cha omena.

Liko jambo lingine ambalo wafugaji yapasa walifikirie. Sehemu kubwa ya omena wa Ziwa Victoria haifiki katika sufuria ya mtu yeyote, bali husagwa kuwa chakula cha kuku, nguruwe na samaki wa mabwawa. Kawangware iko karibu na Dagoretti na Kikuyu, ambako kuku wa mayai hufugwa kwa wingi. Mfugaji hana kosa, kwa maana mayai nayo ni chakula cha watu. Lakini wakati wa uhaba kuku wake na mtoto wa jirani hugombea gunia moja. Mfugaji anayeweza kutumia mashudu ya alizeti, soya au chakula kingine chenye kujenga mwili katika miezi hiyo minne huwapunguzia wengine njaa, na mara nyingi hupunguza gharama yake mwenyewe.

JINSI YA KUCHAGUA NA KUPIKA

Kwa kuwa uhaba huzaa udanganyifu, mnunuzi yampasa awe macho, hasa mwezi wa Julai, wakati magunia ya zamani hutolewa maghalani. Mambo haya yatamsaidia:

Kwanza, atazame rangi. Omena aliyekaushwa vizuri hung'aa kama fedha. Akiwa na rangi ya manjano au ya kahawia, mafuta yake yameanza kuharibika, au amenyeshewa na mvua.

Pili, avunje mmoja kwa vidole. Aliyekauka huvunjika kwa sauti, na asiyekauka hupindika tu, naye ataota ukungu nyumbani.

Tatu, atikise kiganja. Mchanga ukibaki mkononi, ajue kwamba samaki hao walianikwa chini, na sehemu ya kipimo anacholipia ni mchanga wa ziwa. Akiona vumbi la unga na vidudu vyeusi, basi gunia hilo limekaa muda mrefu.

Nne, aulize bila haya, "Mama, hawa ni wa wapi, nao wamefika lini?" Muuzaji mwaminifu hujibu mara moja. Anayekasirika kwa swali la namna hiyo ana jambo analoficha.

Katika kupika, omena hutiwa kwanza katika maji ya moto kwa dakika chache, kisha huoshwa mara mbili au tatu mpaka maji yawe safi na mchanga uishe. Hapo hukaangwa kwa mafuta kidogo mpaka wakauke tena, ndipo vitunguu na nyanya hutiwa, na kuachwa viive pamoja. Wasichemshwe muda mrefu, wasije wakasagika. Mama mwenye mtoto aliyeanza kula aweza kuwaosha vizuri, akawakausha tena na kuwasaga, akatia unga huo kidogo katika uji. Mtoto hatauona mwiba, lakini mwili wake utaupata.

WENGINE NAO HUNGOJA

Watu wa Kibera na Kawangware si peke yao wanaomngoja samaki mdogo. Kule Marekani yuko samaki wa rangi ya fedha aitwaye smelt. Mwaka 1912 alitiwa katika Crystal Lake, jimbo la Michigan, naye akatoka huko akaenea katika maziwa makubwa ya upande huo. Kila mwaka mwezi wa Aprili, baridi inapokwisha na barafu kuyeyuka, smelt hupanda vijito usiku kwenda kutaga. Watu walizoea kufika kwa wingi wakiwa na taa, ndoo, na nyavu za mfuko zilizofungwa kwenye mipini mirefu, wakasimama katika maji baridi na kuwachota kama mtu achotavyo maji kisimani. Kama wavuvi wa omena watazamavyo mwezi, wao hutazama joto la maji, kwa sababu samaki hawapandi mpaka maji yapate vuguvugu kidogo. Katika miaka ya baadaye makundi hayo yalipungua sana, na vijito vingi vilivyokuwa na kelele usiku vikawa kimya.

Upande wa magharibi wa nchi hiyo, katika mto Columbia na mto Cowlitz, yuko ndugu yake aitwaye eulachon, mwenye mafuta mengi hata akikaushwa aweza kuwashwa kama mshumaa. Mwaka 2010 serikali ya Marekani ilimwandika katika orodha ya viumbe walio hatarini. Tangu hapo, katika miaka ambayo wataalamu wameona samaki wa kutosha, mto Cowlitz umefunguliwa kwa saa chache tu, na kila mtu huruhusiwa kuchota ratili 10 basi. Watu husafiri mwendo mrefu kwa ajili ya saa hizo. Mtu akilinganisha saa chache za Cowlitz na miezi minane ya omena, ataona kwamba mlaji wa Kenya angali tajiri. Lakini utajiri huo hauna mlinzi ila yeye mwenyewe.

Maana ulinzi hauko ziwani peke yake. Mnunuzi anayekataa vipande vya omena wachanga, wadogo kama sindano, humpa mvuvi wa wavu haramu habari kwamba mali yake haina soko. Mchuuzi anayeuliza gunia limetoka wapi hupeleka habari hiyo hiyo mpaka ufuoni. Nyavu hufuata soko, na soko la omena ni kikombe cha Kibera na gorogoro ya Kawangware.

Basi Agosti ikikaribia, muuzaji na ahesabu akiba yake, atazame mwezi, ndipo aende Gikomba. Mama wa nyumbani na atayarishe nyanya na vitunguu. Usiku wa giza utakaporudi, taa zitawashwa tena juu ya Ziwa Victoria, na samaki waliopewa nafasi ya kuzaa watapanda juu kwa wingi wao. Wale waliongoja watakula, na mwaka ujao watakuwa na cha kungojea tena.